Mistari Tisa ya Machi 1957

Seven Hills, Sydney
Jumatatu, 3 Mei 2021. Asubuhi ya baridi, ukungu hadi saa mbili, kisha jua.

Wanjugu mwenzangu,

Hatujambo. Wekesa yuko kazini, Abigail yuko kwenye masomo yake, mimi nimetoka shifti ya usiku na miguu inanikumbusha umri. Kurasa ulizotuma zimefika zote kumi na sita. Nilizihesabu kabla ya kumpelekea Mzee Reinhold. Ninakuandikia kwa mkono kama tulivyozoea, na Abigail atapiga picha na kukutumia. Ameniuliza, "Mum, why don't you just call her?" Nimemwambia kwamba sisi tukiamka Kassel wamelala, na tena jambo la kumbukumbu huandikwa.

Nilipokutajia mwaka mpya kwamba kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi pana Mjerumani mwenye kibendera cha klabu ya Kassel ukutani, sikujua kwamba ni klabu hiyo hiyo unayoifanyia kazi ofisini, wala sikujua ningejipatia kazi ya pili. Lakini ninaipenda. Mzee alipoziona kurasa alisema, "Huu ni mwandiko wa baba yangu." Baba yake, Bwana Sauer, alikuwa katibu wenu tangu klabu ilipofunguliwa upya baada ya vita, 1946, hadi 1961. Aliandika mwandiko wa zamani wa Kijerumani na kufupisha maneno kwa njia yake mwenyewe, na Mzee anasema hata mama yake hakuweza kusoma orodha ya dukani.

Tunafanya hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ameshaamka. Nampa chai, namvalisha miwani. Anaweka kidole chini ya mstari, anasoma kwa Kijerumani, halafu ananieleza kwa Kiingereza, nami naandika. Mikono yake inatetemeka, hawezi kuandika mwenyewe. Kurasa mbili kwa siku, si zaidi. Tumemaliza 1948, mwaka ambao kila mwanachama aliambiwa alete matofali kumi kutoka kwenye vifusi ili ukumbi wa jimnastiki ujengwe tena, na wa riadha wakalalamika kwamba wale wa kupiga makasia wanaleta matofali yaliyovunjika. Tumemaliza 1953, ambapo kamati ilijadili kwa saa mbili kama wanawake wapewe maji ya moto ya kuogea. Walipewa, Jumatano tu.

Nakala safi nimeambatanisha.

Jerusha


Kassel
16 Mei 2021

Mama Abi, Prifekti wangu,

Ulikuwa unaandika majina ya wapiga kelele bwenini, sasa unaandika ya Wajerumani waliokufa. Mungu hakosei kupanga kazi. Kijerumani kinasafiri mpaka Seven Hills, kinageuzwa Kiingereza, kinarudi hapa nakigeuza tena Kijerumani, na mwenyekiti wa klabu amefurahi mno. Tunatimiza miaka mia na ishirini na mitano mwaka huu. Sherehe imeahirishwa mara mbili na wanachama mia na arobaini wamejitoa kwa sababu ya korona, kwa hiyo kitabu cha historia ndicho kitu pekee kitakachoonekana. Timu yangu ya tenisi ya meza, ya nne, haijacheza tangu Oktoba. Hatuna pa kushuka, maana timu ya tano haipo.

Sasa nina ombi zito. Kuna mzee hapa anaitwa Gerhard Pohl, umri sawa na wa Mzee wako. Walipiga makasia mashua moja, wao wawili na wengine wawili waliokwishafariki. Baba yake Gerhard alikuwa mtunza uwanja wa klabu. Februari 1957 banda la mashua liliungua, na mashua saba zikaungua humo. Kamati ilisema mtunza uwanja aliacha jiko la makaa likiwaka. Akafukuzwa kazi, akatolewa katika nyumba ya klabu, na mwaka uliofuata akafa. Alimwambia mwanawe, "Sikuwasha jiko usiku ule."

Gerhard hakuhama klabu. Kwa miaka sitini na minne ametaka kujua kamati iliandika nini. Daftari lipo kabatini, lakini hausomeki ule mwandiko. Mwalimu mmoja wa historia alijaribu wiki nzima akarudisha. Nilipomwambia Gerhard kwamba tumempata mwana wa katibu, alishika meza. Alisema, "Reinhold atanisomea vizuri." Moyo wake ni mbovu, Mama Abi, daktari amemwambia wazi asifikirie Krismasi.

Ninakutumia ukurasa huo mmoja, mkutano wa tarehe 4 Machi 1957. Anza na huo, mengine yasubiri. Mwenyekiti naye anautaka kwa ajili ya ukurasa wa 88.

Wanjugu


Seven Hills
Jumanne, 8 Juni 2021. Mvua tangu usiku, upepo wa kusini.

Wanjugu mwenzangu,

Ukurasa wa 1957 tulisoma jana. Nimeandika kama nilivyosikia:

"Mkutano wa kamati, 4 Machi 1957, saa mbili usiku. Wajumbe saba. Banda la mashua liliungua usiku wa tarehe 23 Februari. Mashua saba zimepotea pamoja na makasia yote. Mtunza uwanja Pohl aliitwa akaulizwa kuhusu jiko. Alisema hakuliwasha. Azimio: Pohl aachishwe kazi kuanzia tarehe 31 Machi na aihame nyumba ya uwanjani. Mkutano ulifungwa saa tano kasoro robo."

Basi, hayo ndiyo. Mzee alichoka, hakunywa chai yake. Mpe Mzee Gerhard pole yangu, najua alitumaini kitu kingine.

Jerusha


Kassel
27 Juni 2021

Mama Abi,

Nilikwenda kwa Gerhard na barakoa yangu na keki ya dukani. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie sentensi ya jiko, nikarudia. Alishukuru. Alinituma nimshukuru Reinhold kwa taabu yake.

Kitabu kimekwenda kwa mpiga chapa Ijumaa. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, jina lako liko kwenye shukrani, limeandikwa sawasawa, nimelikagua mwenyewe.

Naona sisi tunafunguliwa ninyi mnafungwa. Jikingeni.

Wanjugu


Seven Hills
Jumapili, 18 Julai 2021. Jua kali la baridi, anga tupu, hakuna hata ndege moja angani.

Wanjugu mwenzangu,

Tumefungiwa wiki ya nne sasa. Makaoni haingii mgeni. Tunavaa barakoa, ngao ya uso, joho la plastiki, na wazee wanatutambua kwa sauti na kwa viatu. Wale waliokuwa wakifanya kazi sehemu mbili wameambiwa wachague moja, kwa hiyo tuko wachache. Usiku tuko wawili, mimi na Lydie, Mkongomani wa Bukavu, kwa vyumba ishirini na sita.

Mzee Reinhold hayuko sawa. Nilipompa shukrani za Gerhard aligeuza uso. Tangu siku hiyo kila alfajiri ananiuliza, "Gerhard amesema nini tena?" Ninamwambia alishukuru. Anasema, "Hilo ulishaniambia." Kurasa nyingine hataki kusoma. Anasema macho yamechoka, lakini gazeti analisoma.

Tafadhali mwombe Mzee Gerhard aandike mstari mmoja tu, wowote, nimpelekee. Nadhani utamtuliza.

Jerusha


Kassel
2 Agosti 2021

Mama Abi,

Keti kwanza.

Gerhard alifariki Alhamisi, tarehe 29 Julai, hospitalini. Mstari wako sikuupata. Nilipofika na karatasi alikuwa amelala na mashine, na muuguzi akanipa dakika tano za kumtazama kupitia kioo.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie Mzee Reinhold akiwa peke yake. Baba yangu alipofariki, wewe unakumbuka, mkuu wa shule hakuniambia mpaka shangazi zangu wawili walipofika kutoka Nyeri, na hata hivyo walianza na uji. Nilichukia wakati ule, siku hizi ninawashukuru. Mtu wa miaka themanini na saba asipewe kilio na sauti iliyo nyuma ya plastiki halafu aachwe na ukuta. Tafuta watu wake, wakae naye, ndipo aambiwe.

Wanjugu


Seven Hills
Jumapili, 22 Agosti 2021. Mawingu, manyunyu mepesi saa moja, kisha baridi kavu.

Wanjugu mwenzangu,

Nimefanya ulivyoniambia, na ningefanya hivyo hata usingeniambia. Lydie naye aliposikia alisema, "Hata kwetu mutu hawamuambiake kilio akiko peke yake, mama." Kwa hiyo nilianza kutafuta watu. Nakuandikia kwa mpangilio.

Tarehe 4 nilimpigia binti yake, Monika, aliyeko Perth. Mpaka wa jimbo lao umefungwa, akija huku harudi kwa watoto wake. Alisema, "Just tell him, Jerusha. Or I'll ring him." Nilimsihi asipige. Nilimwambia kwetu haifanywi kwa simu, akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Tarehe 6 nilimpata mchungaji wa kanisa la Wajerumani. Yeye yuko tayari lakini haruhusiwi kuvuka eneo lake kuingia letu. Tarehe 10 meneja alisema anaweza kuomba kibali maalum cha mgeni mmoja. Tarehe 13 kibali kilitolewa. Tarehe 14 mfanyakazi wa jikoni alipatikana na korona na kila mzee akafungiwa chumbani mwake. Mfanyakazi mmoja kwa chumba, dakika kumi na tano, basi.

Hivyo nilisubiri. Nilisema wiki moja tu.

Tarehe 19, Alhamisi, alfajiri, Mzee alinishika mkono. Alisema, "Sista, lete ukurasa wa Machi. Na kalamu." Aliweka kidole kwenye mstari wa ishirini na tatu. Alisoma polepole, hakutetemeka sana. Aliyosoma ni haya:

"Katibu aliwaeleza wajumbe kwamba mwanawe, Reinhold Sauer, alimjia Jumapili baada ya moto akakiri. Usiku ule aliingia bandani kwa ufunguo wa timu, akawasha jiko kukausha nguo zake, akaondoka bila kulizima. Mtunza uwanja hakuhusika. Wajumbe waliamua, kura sita kwa moja, kwamba jambo hili lisitoke nje ya chumba hiki. Aliyepinga ni katibu. Katibu aliomba liandikwe hata hivyo."

Halafu akasema, "Mwandikie Gerhard hayo. Chini yake andika: Reinhold anangoja jibu lako, hata likiwa baya."

Wanjugu, nilijua Gerhard ana wiki tatu kaburini, na niliandika. Kalamu haikusimama. Nilimwambia, "Nimeandika, Mzee." Alilala palepale, usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu Juni.

Kuna jambo sikukuandikia. Tarehe 7 Juni, tulipousoma ukurasa huo mara ya kwanza, nilikiona kidole chake. Kilifika mstari wa ishirini na mbili, kikaruka hadi wa thelathini na mbili. Ninahesabu kila kitu, unanijua. Mistari tisa. Niliandika kwenye shajara yangu jioni hiyo: "Mzee ameruka mistari 9, labda macho." Sikumuuliza. Ni mtu mzima sawa na babu yangu, ningemwambiaje kwamba amenificha? Nikakutumia ile fupi na kuandika "hayo ndiyo".

Niambie kweli, Gerhard aliipokeaje?

Jerusha


Kassel
5 Septemba 2021

Mama Abi,

Nilitaka kukuambia uongo, nikafuta mara tatu.

Nilikuandikia alishukuru, na ni kweli alishukuru. Lakini kabla ya hapo nilipomaliza kumsomea alisema, "Basi alinidanganya." Niliuliza nani. Akasema, "Baba." Aliinuka kwa fimbo, akaitoa picha ya baba yake iliyotundikwa ukutani juu ya kabati, yule mtunza uwanja amesimama na reki mbele ya banda, akanipa. Alisema, "Ipelekeni kwenye sanduku la klabu, mimi sina kazi nayo." Nilidhani nikikuandikia hayo ningekutwisha mzigo bure. Ninayo kwenye droo yangu ya ofisini. Alikufa akiacha ukuta wenye alama ya mraba.

Nilikwenda kwa mwenyekiti siku ileile barua yako ilipofika. Alisoma. Ni mtu mzuri, alivua miwani akafuta uso. Kisha akanipeleka ukumbini kunionyesha: vitabu mia nne, vimefungwa kwa plastiki, vimepangwa pale ambapo wa jimnastiki hurukia. Ukurasa wa 88 una ile fupi. Nikamwambia tuweke karatasi ndani ya kila kitabu, nitafanya kwa mikono yangu. Akasema kamati haiwezi kuchapisha tuhuma dhidi ya mwanachama aliye hai bila kikao, na kikao hakiruhusiwi, na familia ya Pohl imekwisha, Gerhard hakuzaa. "Tutarekebisha katika toleo la pili," alisema. Nikamuuliza lini. Akasema kwa kawaida ni kila baada ya miaka ishirini na mitano.

Mama Abi, lile la kidole sikulaumu. Hata mimi nisingemuuliza. Hilo ndilo linalonitisha.

Mwambie sasa, na usingoje watu. Nimekosea.

Wanjugu


Seven Hills
Jumatano, 6 Oktoba 2021. Joto mapema, ngurumo upande wa Parramatta, mvua haikufika.

Wanjugu mwenzangu,

Nimemwambia jana. Nilichelewa wiki nne kwa sababu mimi na Wekesa tuliwekwa karantini siku kumi na nne, kisha Mzee akapelekwa hospitali ya Westmead kwa mapafu, akarudi Ijumaa. Hizo ni sababu za kweli. Pia niliogopa.

Lydie alisimama mlangoni, nje ya mstari wa utepe, kwa sababu mle ndani aliruhusiwa mmoja. Alisema, "Mimi niko hapa, asikie kwamba niko." Alikohoa mara kwa mara ili asikike.

Nilimwambia Mzee kwamba Gerhard amefariki. Aliniuliza, "Lini?"

"Tarehe 29 Julai."

"Na mimi nilikusomea mistari tisa lini?"

"Tarehe 19 Agosti."

Alihesabu kwa vidole juu ya shuka. "Ulijua."

"Nilijua, Mzee."

"Na nilipouliza kila asubuhi kama jibu limekuja?"

"Nilijua."

Alitazama dirisha. Nilianza kumweleza desturi yetu, kwamba tulikuwa tunamtafutia watu. Alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Watu gani, Sista? Mtu wangu alikuwa yeye."

Halafu akauliza lile nililoliogopa. "Ile ya kwanza, fupi. Alisomewa?"

Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu chini ya joho la plastiki. Ningeweza kusema hapana. Nilisema alisomewa. Akauliza alisema nini, nikamwambia yote, hata ya picha.

Saa yangu ilionyesha nimezidisha dakika kumi na mbili. Alisema, "Pohl hakuwa na makaa wiki ile. Mimi ndiye niliyejua yalipofichwa." Kisha, "Kitabu?" Nikamweleza vitabu mia nne na toleo la pili la mwaka 2046. Akasema, "Nitakuwa na miaka mia na kumi na miwili. Mwambie mwenyekiti nitajitahidi."

Lydie alicheka kule nje, bila kujua anacheka nini, kwa sababu alisikia sauti ya mtu anayefanya mzaha. Mzee hakucheka.

Akaniambia nichukue kalamu. Hii hapa, mpe mwenyekiti: "Mimi, Reinhold Sauer, mwanachama tangu 1949, naomba kufutwa katika orodha ya wanachama kuanzia leo, 5 Oktoba 2021. Mtunza uwanja Pohl alifutwa kwa kosa langu." Alitia sahihi mwenyewe. Inasomeka kiasi.

Nilipotoka alisema, "Asante, Sista. Kesho usije wewe. Aje yule anayekohoa."

Jerusha


Kassel
27 Machi 2022

Mama Abi,

Ujumbe wako wa tarehe 11 Februari, kwamba Mzee Reinhold amefariki, niliupata nikiwa kazini. Pole kwako na kwa Lydie. Najua mlikuwa mmepoteza watatu wiki hiyo.

Barua yake ya kujitoa ilifika mikononi mwangu mwezi Oktoba, nami ndiye niliyeijibu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Katiba ya klabu inasema anayetaka kujitoa aandike kufikia tarehe 30 Septemba ili aondoke mwisho wa mwaka huohuo. Yake ilichelewa siku tano. Kwa hiyo kujitoa kwake kulikubaliwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2022. Niliandika hivyo, nikapiga muhuri, nikampelekea mwenyekiti, naye akaweka sahihi. Sikukuambia. Nilidhani ataishi kuufikia Desemba.

Jana tulifanya mkutano mkuu, wa kwanza tangu 2019. Watu sabini, madirisha wazi, tunatetemeka. Mwanzoni husomwa majina ya waliofariki na watu husimama dakika moja. Miaka mitatu kwa pamoja, majina arobaini na moja, kwa alfabeti. Mwenyekiti akasoma: Pohl, Gerhard, tangu 1947. Sauer, Reinhold, tangu 1949. Akanyanyua macho akaongeza, "Waliopiga makasia katika mashua moja." Nadhani alitaka kuwatendea mema. Bibi mmoja mbele yangu alifuta machozi.

Kwenye ajenda ya mwisho, ya mengineyo, niliinua mkono. Niliomba mistari tisa isomwe. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba hoja hupelekwa kwa maandishi siku kumi na nne kabla ya mkutano. Nilizijua siku hizo kumi na nne, mimi ndiye niliyewatumia wanachama tangazo lake. Sijui kwa nini sikuandika. Nadhani nilitaka anikatalie mbele za watu. Nikaketi. Mlangoni nikagawa vitabu, kimoja kwa kila familia, nikisema karibuni tena.

Mwandishi wa kumbukumbu za jana ni mimi. Usiku nimeziandika kwa tarakilishi, herufi kubwa za kusomeka na kila mtu. Nimeiweka mistari yote tisa chini ya mengineyo, kama iliyoombwa isomwe na haikusomwa. Mwenyekiti ameweka sahihi leo asubuhi. Sijui kama amesoma. Ziko kwenye faili ya kijani, rafu ya tatu, na hakuna atakayezitaka.

Wanjugu


Seven Hills
Alhamisi, 14 Aprili 2022. Mvua tena, siku ya tisa mfululizo, nguo hazikauki.

Wanjugu mwenzangu,

Monika alikuja jana kuchukua vitu vya baba yake. Mpaka wao ulifunguliwa Machi, wiki mbili baada ya mazishi. Alikuja nyumbani kwangu kwa sababu makaoni chumba kina mtu mwingine. Alileta maua. Ni mwanamke mrefu, ana mikono ya baba yake.

Alikuwa ameagiza kitabu kutoka kwenu, kimemfikia. Alikuwa amekunja ukurasa wenye jina la babu yake, katibu. Aliniuliza kama baba yake alisema lolote mwishoni kuhusu klabu, maana miaka yote aliitaja lakini hakuisimulia.

Wekesa alikuwa kazini. Abigail alikuwa chumbani mwake. Hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Safari hii sikutafuta. Nilileta daftari langu, nikafungua tarehe 19 Agosti, nikamsomea mistari tisa, kisha nikamweleza yote kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, pamoja na tarehe 7 Juni na kidole kilichoruka. Sikuacha kitu. Chai ilipoa.

Hakulia. Alitaka kuliona daftari, nikampa, akasoma mwenyewe maneno yangu "labda macho". Akauliza swali moja tu. Alisema, "Why did you send him the short one?"

Nilimjibu kwa Kiingereza changu chote. Nilisema baba yake alikuwa mtu mzima na mimi nilimheshimu.

Aliendelea kunitazama, kwa utulivu, bila hasira, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Nami nilitafuta iliyobaki, Wanjugu. Nilitafuta mpaka akachukua mwavuli wake, akaniaga vizuri, akaenda kituoni.

Hiyo ilikuwa jana mchana. Usiku nilikwenda kazini, nimerudi, nimeketi kwenye meza hiyohiyo tangu saa mbili kukuandikia haya. Sasa ni saa tano na dakika ishirini asubuhi. Naenda kulala.

Jerusha